Kitty Wilkinson wa Liverpool

1. Mji Uliokua Upesi

Liverpool ni mji wa bandari ulioko upande wa magharibi wa Uingereza, mahali ambapo mto Mersey waingia baharini. Watu walipohesabiwa mwaka 1801, wenyeji wake walikuwa kama 80,000. Miaka hamsini baadaye, mwaka 1851, walikuwa wamezidi 370,000. Fikirini, wanafunzi, mji kuzidi zaidi ya mara nne katika maisha ya mtu mmoja! Mtoto aliyezaliwa katika mji wa kadiri, alipozeeka alijiona yumo katika mji mkubwa asioweza kuujua mwisho wake.

Utajiri wa kwanza wa Liverpool ulitoka katika biashara mbaya. Merikebu zake zilikwenda pwani ya magharibi ya Afrika, zikanunua watu, zikawavusha bahari na kuwauza Marekani na visiwani. Katika miaka ya mwisho ya biashara hiyo hapakuwa na bandari nyingine Uingereza iliyoshinda Liverpool kwa kazi hiyo. Mwaka 1807 sheria ilipiga marufuku biashara ya watumwa katika merikebu za Kiingereza. Lakini biashara iliyofuata nayo haikutengana na utumwa, kwa maana ilikuwa biashara ya pamba, na sehemu kubwa ya pamba hiyo ililimwa na watumwa katika nchi za kusini za Marekani mpaka vita vya huko vilipokwisha mwaka 1865.

Pamba ilishuka Liverpool katika marobota, ikawekwa maghalani, kisha ikapelekwa Manchester na miji jirani, ambako mitambo mipya ilisokota nyuzi na kufuma nguo kuliko mikono ya watu elfu. Mwaka 1830 njia ya gari la moshi ilifunguliwa kati ya Liverpool na Manchester, mwendo wa maili 31. Mizigo iliyokuwa ikisafiri siku nzima au zaidi kwa mashua na mikokoteni, sasa ilifika kwa muda wa saa chache tu. Kazi ikaongezeka, na watu wakaja kutoka mashambani, na kutoka ng'ambo ya bahari katika nchi ya Ayalandi, kutafuta mshahara.

Katika mji huo aliishi mwanamke maskini ambaye jina lake lingali latajwa kwa heshima. Hakuwa tajiri, wala mtu wa cheo, wala daktari. Alikuwa dobi. Jina lake ni Catherine Wilkinson, na watu walizoea kumwita Kitty.

2. Utoto Wake

Kitty alizaliwa mwaka 1786 katika mji wa Londonderry, kaskazini ya Ayalandi. Baba yake aliitwa Seaward, na alikuwa askari. Kitty alipokuwa mtoto bado, wazazi wake walikata shauri kuhamia Liverpool. Wakapanda chombo, wakavuka bahari salama hata karibu na kinywa cha mto Mersey. Hapo tufani iliwakuta, na chombo kikapwelea juu ya fungu la mchanga. Baba yake alikufa maji, na pia ndugu yake mdogo, mtoto mchanga, alichukuliwa na mawimbi kutoka mikononi mwa mama yake. Kitty na mama yake walifika Liverpool wakiwa na uhai wao na nguo zilizowalowea mwilini.

Mama alipata kazi katika nyumba ya bibi mmoja mzee, Bibi Lightbody. Bibi huyu alikuwa na desturi ya kuwatembelea maskini na wagonjwa, na mara nyingi alimchukua Kitty pamoja naye. Hivyo mtoto alipanda ngazi nyembamba za nyumba za maskini, akashuka katika vyumba vyao vya chini ya ardhi, akaona kwa macho yake jinsi wanavyoishi. Alijifunza pia jinsi ya kuingia katika nyumba ya mwenye shida bila kumfedhehesha. Elimu hiyo hakuipata katika kitabu, naye hakuisahau maisha yake yote.

3. Katika Kinu cha Pamba

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja au kumi na miwili, Kitty alipelekwa Caton, kijiji kilicho karibu na mji wa Lancaster, kuwa mwanagenzi katika kinu cha kusokota pamba. Mitambo ya kinu hicho iliendeshwa kwa nguvu za maji ya mto, na wengi wa wafanyakazi wake walikuwa watoto, hasa mayatima walioletwa kutoka mijini.

Siku hizi twashangaa kusikia habari hizo, lakini wakati ule jambo hili lilikuwa la kawaida. Mitambo ya kusokota ilikuwa na nyuzi nyingi zilizokatika mara kwa mara, na vidole vidogo vya watoto vilifaa kuziunga upesi. Tena mshahara wa mtoto ulikuwa mdogo, na wanagenzi mara nyingi hawakupewa mshahara wowote ila chakula, nguo na mahali pa kulala. Watoto waliamshwa kabla ya jua kutoka, wakasimama kazini mchana kutwa kati ya vumbi la pamba na kelele za magurudumu. Mwaka 1802 sheria ilitungwa Uingereza kwamba wanagenzi wa vinu vya pamba wasifanye kazi zaidi ya saa kumi na mbili kwa siku, wala wasifanye kazi usiku. Kama saa kumi na mbili zilihesabiwa kuwa ni huruma, mwaweza kujua hali ilivyokuwa kabla ya sheria hiyo.

Hata hivyo Kitty hakuwa na uchungu na miaka yake ya Caton. Alipata marafiki huko, na mmoja wao alikuwa kijana aitwaye Tom Wilkinson. Tutakutana naye tena mbele. Kitty alikaa kinuni mpaka alipokuwa msichana mkubwa, ndipo akarudi Liverpool kumtunza mama yake aliyekuwa amedhoofika kwa ugonjwa.

4. Mjane Mwenye Watoto Wawili

Mwaka 1812 Kitty aliolewa na baharia mmoja, jina lake Emanuel Demontee. Wakapata mtoto wa kiume. Lakini mke wa baharia katika mji wa bandari hana amani, maana kila safari yaweza kuwa ya mwisho. Kitty alipokuwa na mimba ya mtoto wa pili, habari zilikuja kwamba mumewe amekufa baharini. Bahari iliyomnyang'anya baba na ndugu ikamnyang'anya na mume.

Akabaki na watoto wawili wa kiume na mama mgonjwa, na watu wote hao walimtazama yeye kwa chakula. Alifanya kila kazi aliyoipata. Alifua nguo katika nyumba za watu. Alifanya kazi ya vibarua mashambani. Usiku alifanya kazi katika kiwanda cha misumari, na vidole vyake vikaungua kwa chuma cha moto hata akashindwa kuendelea mpaka vidonda vipone.

Kisha alipata kitu kilichomwinua kidogo. Alipewa mtambo wa kunyoshea nguo, wa namna iliyotumika siku zile. Mtambo huo ulikuwa kama sanduku kubwa lililojaa mawe, nao ulivingirishwa juu ya magogo mawili yaliyozungushiwa nguo zilizofuliwa. Uzito wa mawe ulinyosha mashuka bila pasi. Kwa mtambo huo Kitty aliweza kufanya kazi ya udobi nyumbani mwake, akiwa karibu na watoto wake na mama yake, naye akapata kuishi.

Tena, ingawa riziki yake ilikuwa ndogo, hakufunga mlango wake. Jirani akiugua, Kitty alikwenda kumuuguza. Mama akifa na kuacha watoto, Kitty aliwachukua wakae kwake. Wahenga walisema kwamba kutoa ni moyo, si utajiri, na maisha ya mwanamke huyu ni ushahidi wa maneno hayo.

Mwaka 1823 aliolewa mara ya pili. Mume wake alikuwa Tom Wilkinson, yule rafiki wa Caton, ambaye sasa alikuwa mchukuzi katika ghala la pamba la akina Rathbone, wafanya biashara wakubwa wa Liverpool. Tom hakunung'unika alipokuta nyumba imejaa watoto wasio wake. Alikuwa mtu mpole na mwenye kazi, naye alimsaidia mkewe katika kila jambo mpaka mwisho wa maisha yake.

5. Nyumba za Maskini

Yafaa sasa tujue jinsi jirani za Kitty walivyoishi. Mji ulikua upesi, lakini nyumba hazikuongezeka kwa kadiri ya watu. Wenye ardhi walijenga nyumba ndogo ndogo mgongo kwa mgongo, zikielekea kiwanja chembamba ambacho kiliingiwa kwa njia moja tu kama ya pango. Jua halikufika ndani, wala upepo haukupita. Katika kiwanja hicho watu wa nyumba zote walitumia choo kimoja au viwili, na jaa la takataka lilikuwa papo hapo penye milango yao.

Waliokuwa maskini zaidi walikaa katika vyumba vya chini ya ardhi. Vyumba hivyo havikuwa na dirisha la maana, na mvua iliponyesha maji machafu ya njiani yaliingia ndani. Maelfu ya watu wa Liverpool waliishi hivyo. Mara nyingi watu kumi walilala katika chumba kimoja, juu ya majani makavu.

Maji hayakuingia nyumbani. Makampuni yaliuza maji, na maskini waliyateka katika bomba moja la mtaa, ambalo halikufunguliwa ila kwa muda mfupi. Wanawake na watoto walipanga foleni na ndoo zao, na aliyechelewa alirudi mikono mitupu. Moshi wa makaa ya mawe ulitanda juu ya mji, na masizi yakaangukia nguo zilizoanikwa.

Matajiri wengi waliwalaumu maskini kwa uchafu wao. Walidhani ni uvivu. Lakini hebu tufikiri. Mwanamke akirudi kazini usiku, ana ndoo moja ya maji kwa kunywa, kupika na kuoga watu wanane. Kuni hana, na makaa ya mawe huyanunua kwa peni. Akifua shuka lake, hana mahali pa kulianika ila chumba kile kile wanacholala watoto, nalo halikauki siku mbili. Tena shuka ni moja. Je, huyo ni mvivu? Kitty aliyajua mambo haya, maana aliishi katika mtaa huo huo na kuteka maji katika bomba hilo hilo. Ndiyo sababu, shida ilipokuja, hakuanza kwa kuwahubiria watu usafi, bali alianza kwa maji ya moto.

6. Mwaka wa Kipindupindu

Kipindupindu kilitoka nchi za Bara Hindi, kikapita Urusi, kikaenea Ulaya. Mwaka 1831 kilifika Uingereza katika mji wa Sunderland. Mwaka 1832 kikaingia Liverpool. Mtu aliyeamka mzima asubuhi aliweza kushikwa na kuhara na kutapika adhuhuri, akakauka maji mwilini, ngozi yake ikabadilika rangi, na kabla ya kucha akawa amekufa. Katika mwaka huo watu 4,977 waliugua Liverpool, na 1,523 katika hao walikufa.

Siku hizo hapakuwa na daktari aliyejua asili ya ugonjwa huo. Wengi walidhani huletwa na hewa yenye harufu mbaya. Mwaka 1854 daktari John Snow wa London alionyesha kwamba kipindupindu hupita katika maji machafu ya kunywa, na mwaka 1884 Mjerumani Robert Koch alitangaza kwamba amekigundua kijidudu chenyewe. Mwaka 1832 elimu hiyo haikuwapo bado.

Hofu ilizaa ghasia. Watu walianza kunong'ona kwamba madaktari wanawachukua wagonjwa hospitali ili wafe, wapate kupasua maiti zao. Maneno hayo hayakutoka hewani, kwa sababu mwaka 1826 maiti zilizoibwa makaburini zilionekana ndani ya mapipa katika gati la Liverpool, zikiwa tayari kupelekwa Scotland kuuzwa kwa walimu wa udaktari. Basi wagonjwa walipobebwa njiani, makundi ya watu yalikusanyika, yakawapiga mawe wachukuzi na madaktari na kuvunja madirisha ya hospitali. Ghasia namna hiyo zilitokea mara nane katika majuma machache, mpaka makasisi wa Kikatoliki walipowasihi watu wao makanisani watulie.

Huku wengine wakitupa mawe na wengine wakikimbia mji, Kitty alifanya kazi aliyoijua. Nyumbani kwake, katika mtaa wa Denison Street, palikuwa na sufuria kubwa ya kuchemshia maji, iliyojengewa jiko chini yake. Katika mtaa ule hapakuwa na nyingine. Kitty aliwaita jirani wote walete nguo na matandiko yao, hata yale ya wagonjwa na ya waliokufa, wayafue kwa maji ya moto katika chumba chake cha chini. Kila nyumba ilitoa peni moja kwa juma kusaidia gharama ya makaa na maji. Peni kumi na mbili zilikuwa shilingi moja, kwa hiyo hata maskini aliweza kuipata. Pamoja na maji ya moto alitumia unga wa chokaa uliotiwa dawa ya klorini, ambao huua uozo na kusafisha.

Fikirini ujasiri wa kazi hiyo. Matandiko ya mgonjwa wa kipindupindu hulowa uchafu ule ule unaobeba ugonjwa. Kitty na wenziwe waliyashika kwa mikono yao. Hawakujua kama kesho wataamka. Yeye mwenyewe alikuwa na mume na watoto nyumbani. Lakini aliona kwamba akifunga mlango, mtaa mzima utalala juu ya matandiko ya maiti. Kwa hiyo hakuufunga. Hakujua habari za vijidudu, lakini maji ya moto na ile dawa viliviua bila yeye kuvijua.

Kazi ilipozidi nguvu zake, Bibi Elizabeth Rathbone, mke wa tajiri yule ambaye Tom alikuwa mchukuzi wake, alikuja kusaidia, pamoja na chama cha kusaidia maskini. Walileta mashuka na mablanketi ya kuwaazima watu wakati yao yanapofuliwa. Kitty alipika uji, akawagawia wagonjwa na wenye njaa. Jamaa walioleta nguo zao kwake walifika kama nyumba 85 kwa juma.

Tena palikuwa na watoto. Wengine mama zao wamekufa, na wengine mama zao wako kazini. Walizurura njiani kati ya takataka. Kitty aliwakusanya kama ishirini katika chumba chake cha kulala kila asubuhi, na jirani mmoja akawatunza, akawafundisha nyimbo na hadithi. Darasa hilo dogo liliendelea hata likawa mwanzo wa shule ya watoto wadogo.

7. Nyumba ya Kufulia ya Mji

Ugonjwa ulipokwisha, ingekuwa rahisi kurudia maisha ya zamani. Lakini Kitty na Tom hawakunyamaza. Walieleza mara nyingi kwamba jambo waliloweza kulifanya kwa sufuria moja katika chumba cha chini, mji mzima ungeweza kulifanya vizuri zaidi. Akina Rathbone waliwaunga mkono. William Rathbone, mume wa Bibi Elizabeth, aliwahi kuwa mkuu wa mji, na sauti yake ilisikiwa katika baraza.

Hatimaye, mwaka 1842, baraza la mji wa Liverpool lilifungua nyumba katika mtaa wa Frederick Street, yenye vyumba vya kuogea na mahali pa kufulia nguo kwa maji ya moto. Inahesabiwa kuwa ya kwanza ya namna hiyo katika Uingereza. Kwa malipo madogo mwanamke aliweza kuingia na furushi lake, akapata beseni, maji tele na mahali pa kukaushia, akarudi nyumbani siku ile ile na nguo safi zilizokauka. Tena alizungumza na wenziwe wakati wa kazi, wakapeana habari za watoto na wagonjwa, na mzigo wa kazi ukapungua.

Mwaka 1846 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuziruhusu halmashauri za miji zijenge nyumba za kuogea na kufulia kwa fedha za kodi. Miji mingi ikafanya hivyo. Mwaka huo huo Kitty na Tom waliwekwa kuwa wasimamizi wa nyumba ya Frederick Street. Mwanamke aliyefua nguo za watu usiku na mchana ili apate mkate, sasa alikabidhiwa funguo za nyumba ya mji.

Pia mwaka 1846 alipewa zawadi ya vyombo vya fedha vya kuandalia chai. Waliompa ni Malkia Victoria, na Malkia Adelaide, mjane wa mfalme aliyetangulia, pamoja na mabibi wa Liverpool. Vyombo hivyo vilichorwa jina lake. Kwa mtu aliyekulia kinuni, hiyo ilikuwa heshima kubwa mno, lakini kazi yake haikubadilika.

Kazi yenyewe ilihitajiwa kuliko wakati wowote. Viazi viliharibika Ayalandi tangu mwaka 1845, na njaa kuu ikaingia. Katika mwaka 1847 peke yake watu kama 300,000 walifika Liverpool kutoka Ayalandi, wengi wao wakiwa na njaa na ugonjwa. Wengine walipita kwenda Marekani, na wengine walibaki katika vyumba vile vile vya chini ya ardhi. Homa kali ilienea, ikaua maelfu. Mji ulikuwa umeanza kuamka: tangu tarehe 1 Januari 1847 daktari William Henry Duncan alishika kazi ya kusimamia afya ya mji, naye alikuwa wa kwanza kupewa cheo hicho katika Uingereza yote. Alipigania kufungwa kwa vyumba vibaya vya chini, na kuchimbwa kwa mifereji. Mwaka 1857 maji ya kutoka milima ya Rivington, mbali na mji, yalianza kufika kwa mabomba. Mambo haya yalikuja polepole, na watu wengi walikufa kabla hayajatimia.

8. Mwisho Wake

Tom Wilkinson alikufa mwaka 1848. Kitty akabaki mjane mara ya pili, lakini hakuacha kazi. Hata katika uzee wake alishona pindo za taulo za nyumba za kuogea, maana hakupenda kula chakula asichokitolea jasho. Alifariki mwaka 1860, akiwa na umri wa miaka sabini na zaidi, akazikwa katika makaburi ya St James, Liverpool. Watoto mayatima aliowalea katika maisha yake walikuwa makumi.

Mwaka 2012 sanamu yake ya marumaru iliwekwa katika jumba kubwa la Liverpool liitwalo St George's Hall. Jumba hilo lilikuwa na sanamu za watu wengi wakuu, na wote walikuwa wanaume. Kitty alikuwa mwanamke wa kwanza kusimamishwa kati yao, miaka zaidi ya mia na hamsini baada ya kufa kwake.

Basi, wanafunzi, tupime maisha haya. Wako watu waliofanya makuu kwa sababu walikuwa na mali au jeshi. Kitty alikuwa na sufuria moja, mikono miwili, na mlango ulioelekea mtaa wa maskini. Jambo la kwanza alilolifanya ni kutazama vizuri shida ya jirani zake, asiwahukumu kama walivyowahukumu watu wa mbali. Jambo la pili, alianza kwa kile alichokuwa nacho, asingoje mpaka apate kikubwa. Jambo la tatu, alipoona kazi yake yafaa, aliwasihi wenye uwezo mpaka ikawa kazi ya mji na sheria ya nchi.

Kipindupindu hakikuishia Ulaya. Mwaka 1869 na 1870 kilifika Unguja na pwani yetu, kikaua watu wengi sana. Nacho hupenda mahali pale pale kilipopapenda Liverpool: palipo na watu wengi, vyoo vichache na maji machafu. Kwa hiyo mwenye kuchimba choo mbali na kisima, mwenye kuchemsha maji ya kunywa, na mwenye kumpa jirani sabuni na mahali pa kufulia, afanya kazi ile ile ya mwanamke wa Denison Street.